Guangzhou: ufikie mtaa gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mtu anayekwenda Guangzhou kwa siku chache au wiki mbili tatu, awe anafuata mzigo, anakwenda Maonesho ya Canton (maonesho makubwa ya biashara ya mji huo) au anakwenda kutembea tu. Mji huu una watu zaidi ya milioni 18 na umesambaa pande zote mbili za Mto Zhujiang. Mtaa usiofaa unaweza kukulia masaa mawili matatu kila siku njiani, na masaa hayo ndiyo ungekuwa sokoni unapatana bei.

Nianzie wapi kuchagua mtaa?

Anza na kazi iliyokupeleka. Bei ya chumba iangalie baadaye. Kabla hujafungua programu ya kutafuta hoteli, andika masoko utakayokwenda, na mbele ya kila soko andika ni siku ngapi utakuwa huko. Soko lenye siku nyingi ndilo linaloamua unalala wapi. Halafu fungua ramani ya metro, tafuta kituo kilicho karibu na soko hilo, uone laini yake inapita wapi. Hoteli iliyo mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha laini hiyo hiyo ni bora kuliko hoteli nzuri na ya bei nafuu inayokulazimisha kubadili treni mara mbili.

Nauli ya metro huanzia yuan 2, kwa hiyo si nauli inayouma. Kinachouma ni kurudi jioni umebeba mifuko ya sampuli, treni imejaa, mguu umevimba, na bado una kituo cha kubadilishia mbele yako.

Ni safari yangu ya kwanza. Kila mtu ananiambia nifikie Xiaobei. Ni kweli ndiko kunakofaa?

Kwa safari ya kwanza, ndiyo, na hasa kama huna mwenyeji wala mkalimani. Xiaobei iko wilaya ya Yuexiu, kwenye laini ya 5 ya metro, kituo kimoja tu kutoka stesheni kuu ya reli ya zamani. Kwa miaka mingi ndiko Waafrika, Waarabu na watu wa Asia ya Kati wamekuwa wakifikia. Ukishuka pale unasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na Kiarabu kwenye barabara moja. Mawakala wa mizigo wanaopeleka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Lubumbashi wana ofisi kwenye majengo ya eneo hilo. Maghala yao mara nyingi yako nje ya mji, lakini ofisini ndiko unakopewa alama ya mzigo, ile inayoandikwa kwenye kila katoni ili isipotee ghalani.

Pita Baohan Zhijie jioni, kichochoro kilicho nyuma ya barabara kubwa. Mikate ya duara inatoka kwenye tanuri ikiwa bado inafuka moshi, mishikaki ya kondoo inageuzwa juu ya mkaa, na mlangoni mwa duka watu wamepiga magoti wanafunga katoni kwa gundi ya utepe, ile krrr yake ikisikika mpaka usiku. Chakula cha halali kipo kila baada ya hatua chache. Kwa mtu ambaye tumbo lake halijazoea vyakula vya kusini mwa China, hilo peke yake linatosha kumwamulia.

Yapo mambo ya kujua, hata hivyo. Majengo mengi ni ya zamani na vyumba ni vidogo. Kelele zipo. Polisi hukagua pasipoti mara kwa mara katika mtaa huu kuliko mitaa mingine, na sheria inamtaka mgeni kutembea na pasipoti yake halisi, kwa hiyo usiiache hotelini. Pia utakutana na watu wanaojipendekeza kukutembeza, kukubadilishia pesa au kukupeleka "kiwandani". Wengine ni waungwana. Lakini pesa yako ibadilishe benki, na mkalimani mchukue aliyeletwa kwako na mtu unayemfahamu.

Ukishaujua mji, safari ya pili au ya tatu, huna sababu ya kung'ang'ania Xiaobei kama masoko yako yako upande mwingine. Wafanyabiashara wengi hurudi pale kwa mazoea tu, na mazoea hayo yanawagharimu muda.

Kuna mtaa ulio karibu na Xiaobei lakini umetulia?

Taojin. Ni kituo kinachofuata kwenye laini hiyo hiyo ya 5, na ukiwa huna mzigo unaweza hata kutembea kwa miguu. Kuna miti kando ya barabara, migahawa ya kila aina, maduka ya kahawa, na hoteli za viwango tofauti kando ya Huanshi Dong Lu ("Lu" ni barabara). Unalala kwa utulivu, na chakula cha Xiaobei na ofisi ya wakala wako viko jirani. Ukiniuliza mimi mtaa mmoja wa kumshauri mtu asiye na haraka, nitakutajia huu. Anayefuata spea na mapambo ya magari anapata faida nyingine: Yongfu Lu, barabara yenye maduka mengi ya vitu hivyo, iko upande wa Ouzhuang, kituo kimoja mbele.

Nafuata nguo, viatu, mabegi au vipodozi. Nikae wapi?

Hapo zungumzia eneo la stesheni kuu ya reli na Sanyuanli, jirani yake upande wa kaskazini. Stesheni inahudumiwa na laini ya 2 na ya 5, na Sanyuanli ni kituo kimoja kutoka hapo kwenye laini ya 2. Baima, jengo maarufu la nguo za jumla, liko karibu na stesheni. Viatu na saa viko Zhanxi Lu, upande wa magharibi wa stesheni. Soko kubwa la mabegi na ngozi liko Sanyuanli, kando ya Jiefang Bei Lu, na maduka makubwa ya vipodozi na vifaa vya saluni yako mbele kidogo.

Ukikaa hapa, faida kubwa ni kwamba unaweza kurudi chumbani mchana, ukaacha sampuli, ukanywa maji, ukatoka tena. Anayelala mbali hubeba kila kitu kutwa nzima.

Hasara yake ni msongamano. Eneo la stesheni lina watu wengi mno, na simu iliyoko mfuko wa nyuma haina usalama. Sanyuanli kwenyewe kuna vichochoro ambavyo nyumba zimebanana kiasi kwamba jua halifiki chini. Tafuta hoteli iliyo kwenye barabara kubwa, usiingie ndani ya vichochoro kwa ajili ya kuokoa yuan 40.

Na soko la Shahe je?

Shahe ni la nguo za bei ya chini kabisa, na lina saa zake. Linaamka usiku wa manane kuelekea alfajiri, na kufikia mchana maduka mengi yameshafunga. Saa kumi na moja alfajiri vijana wanakimbiza mikokoteni iliyojaa mafurushi, wanapiga kelele upishe njia, na usipopisha utagongwa. Liko upande wa wilaya ya Tianhe, na saa hizo metro bado haijaanza. Kama Shahe ni siku moja tu, chukua teksi ukitokea ulipo. Kama ndilo soko lako kuu, lala karibu nalo siku hizo, kisha uhame. Kulipambania Shahe kila siku ukitokea upande wa pili wa mji kutakumaliza nguvu kabla ya wiki kuisha.

Nakwenda Maonesho ya Canton. Ni lazima nikae Pazhou?

Si lazima. Maonesho haya, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka katika kumbi za Pazhou, kusini mwa mto: ya masika huanza tarehe 15 Aprili na ya vuli tarehe 15 Oktoba. Kila msimu una awamu tatu za siku tano tano, na kati ya awamu na awamu kuna siku za kupumzika. Hakikisha awamu yako kabla ya kulipia chumba. Mashine na vifaa vya umeme viko awamu ya kwanza, vyombo vya nyumbani na vifaa vya ujenzi viko ya pili, nguo na vitu vya watoto viko ya tatu. Aliyelipia chumba cha awamu ya kwanza huku anatafuta vitambaa, amelipia bure.

Hoteli za Pazhou zenyewe ni ghali na hujaa mapema sana. Angalia vituo vya laini ya 8, kwa mfano Kecun, Lujiang au Changgang. Unapanda treni moja na kushuka Xingangdong au Pazhou bila kubadili. Kecun ni makutano ya laini ya 3 na ya 8, na Changgang ni makutano ya laini ya 2 na ya 8, hivyo ukilala Changgang, maonesho yakiisha unafika kwenye masoko ya stesheni kwa treni moja. Hoteli nyingi pia huwa na basi la bure la kwenda maonesho katika siku hizo. Uliza kabla ya kulipa.

Anayefuata vitambaa, cherehani na vifungo naye akae kwenye laini hiyo hiyo. Soko kubwa la vitambaa la Zhongda liko karibu na vituo vya Zhongda na Lujiang. Fundi au mwenye duka la vitambaa wa Kariakoo au Eastleigh anaweza kumaliza siku nne pale na asione mwisho wake.

Nanunua fanicha na vigae. Guangzhou inanihusu?

Kidogo sana. Nenda ukalale Foshan, mji wa jirani. Fanicha ziko Lecong, kwenye barabara yenye maduka makubwa yaliyopangana kwa kilomita kadhaa, na vigae viko upande wa Chancheng. Treni ya Guangfo imeunganisha miji hii miwili tangu mwaka 2010, lakini kwenda na kurudi kila siku ni kujichosha. Vyumba vya Foshan kwa kawaida ni vikubwa na nafuu kuliko vya Guangzhou. Chakula cha halali ni kigumu zaidi kukipata, kwa hiyo jiandae.

Mapambo, vinyago vya watoto, vifaa vya simu?

Yide Lu na eneo la Haizhu Square, kwenye laini ya 6. Mapambo ya sherehe, zawadi na vinyago vimejaa huko, pamoja na samaki wakavu ambao utawasikia puani kabla hujawaona. Vifaa vya simu viko Nanfang Dasha, upande wa kituo cha Cultural Park, laini hiyo hiyo. Kwa malazi, tazama Beijing Lu, kituo kimoja kutoka Haizhu Square. Ni mtaa wa watembea kwa miguu, una taa, maduka na vyakula mpaka usiku, na kuna sehemu umewekwa vioo chini ili uone mawe ya barabara za kale zilizofukuliwa.

Siendi kwa biashara. Nataka kuona mji na familia.

Shamian kama unapenda utulivu. Ni kisiwa kidogo kilichokuwa chini ya Waingereza na Wafaransa, chenye majumba ya zamani, miti mikubwa na magari machache. Watoto wanakimbia bila wasiwasi. Kituo cha Huangsha kiko jirani. Ukipenda majengo marefu, kaa Zhujiang New Town: mnara wa Canton Tower wenye mita 600 uko ng'ambo ya mto, na jioni watu hujaa kupiga picha. Ni mtaa ghali, na masoko ya jumla hayapo. Wenye watoto wanaotaka mbuga ya wanyama ya Chimelong wanaweza kulala Panyu usiku mmoja, karibu na kituo cha Hanxi Changlong.

Nataka kuwa karibu na msikiti au kanisa.

Waislamu wana bahati katika mji huu. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mita 36 ambao zamani ulikuwa ukiongoza vyombo mtoni, uko karibu na kituo cha Ximenkou, laini ya 1. Msikiti wa Xianxian uko Jiefang Bei Lu, karibu na bustani ya Yuexiu, na ndipo lilipo kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa China ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Siku ya Ijumaa wageni kutoka nchi nyingi hujaa mpaka nje, na pembeni huuzwa chakula. Ukilala Xiaobei au karibu na stesheni, uko jirani nao.

Kwa Wakatoliki, kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe kuanzia 1863 hadi 1888, liko karibu na kituo cha Yide Lu, na Waafrika wengi husali pale. Uliza mapokezi saa za misa za Jumapili kabla ya kwenda.

Ndugu yangu amepanga nyumba huko. Naweza kulala kwake badala ya hoteli?

Unaweza, lakini soma hili kwa makini. Hotelini, mapokezi ndio wanaokuandikisha polisi. Ukilala nyumba ya mtu, wewe na mwenyeji wako mnatakiwa kwenda kuandikisha ndani ya saa 24 tangu ufike, mkiwa na pasipoti yako na karatasi za nyumba. Usipofanya hivyo unaweza kutozwa faini, na mwenyeji wako naye akasumbuliwa. Usimtie ndugu yako matatani kwa kuogopa foleni. Kama nyumba yake haina mkataba unaoeleweka, chukua hoteli, umtembelee mchana.

Hoteli inaweza kunikataa kwa sababu ni mgeni au Mwafrika?

Imetokea, na inauma. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa kwenye nyumba na hoteli, na mabalozi wa Afrika walilalamika rasmi. Nje ya kipindi kile, hoteli ndogo zilikuwa zikikataa wageni wote kwa kisingizio cha kutokuwa na kibali au kutojua kuandikisha pasipoti. Mwaka 2024 serikali ya China ilisisitiza kwamba hoteli hazina ruhusa ya kumkataa mtu kwa kuwa ni mgeni.

Hata hivyo, usisubiri kubishana mapokezi usiku wa manane ukiwa na mabegi matatu. Kabla ya kulipa, tuma ujumbe kwa Kichina kupitia programu uulize: mnapokea pasipoti ya Tanzania, au Kenya, au Kongo? Hifadhi jibu kwenye simu. Mitaa iliyozoea wageni, yaani Xiaobei, Taojin, Zhujiang New Town na Pazhou, ina matatizo haya kwa nadra.

Nikichagua chumba mtandaoni nitazame nini?

Dirisha. Vyumba vingi vya bei ya chini Guangzhou havina dirisha kabisa, na picha hazikwambii. Kwenye unyevu wa Machi na Aprili, ukuta wa chumba kama hicho hutoa majasho na nguo haikauki. Soma maelezo, na kama hayasemi, uliza.

Jambo la pili ni amana. Hoteli nyingi hudai pesa ya dhamana unapoingia, mbali na kodi ya chumba, na hukurudishia unapotoka. Tunza risiti yake.

La tatu ni anwani. Barabara moja ndefu hugawanywa kwa upande wa dira, kwa hiyo Huanshi Dong Lu na Huanshi Xi Lu ni mashariki na magharibi, mbali kwa miguu. Hifadhi anwani kwa herufi za Kichina. Dereva wa teksi haisomi ya Kilatini. Ramani za Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko, hivyo weka programu ya ramani ya Amap kabla hujaondoka nyumbani.

Nikitua uwanja wa ndege usiku?

Uwanja wa Baiyun uko takriban kilomita 28 kaskazini mwa mji. Metro ya laini ya 3 inaingia hapo hapo. Kwa Sanyuanli na stesheni unabadili Jiahewanggang kwenda laini ya 2. Usiku sana metro imefunga, na hapo panga foleni ya teksi rasmi. Anayekufuata ndani akisema "teksi, teksi" muache apite.

Kuna miezi ambayo mtaa haujalishi kwa sababu kila kitu kimefungwa?

Ndiyo. Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, viwanda na masoko hufunga kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu pia. Na siku za Maonesho ya Canton bei za vyumba hupanda mji mzima, hata Xiaobei. Kama huendi maonesho, zikwepe siku hizo.

Mimi ni mwanamke nasafiri peke yangu. Unanishauri wapi?

Taojin au Beijing Lu, kwenye barabara yenye watu na taa, hoteli yenye mapokezi ya saa 24. Guangzhou usiku ni mji ambao wanawake hutembea bila hofu kubwa, na metro ina walinzi na ukaguzi wa mabegi kila mlango. Tahadhari yako kubwa iwe kwenye pesa: usihesabu fedha sokoni, na usimwambie mkalimani mpya namba ya chumba chako.

Nina wiki mbili na masoko matatu tofauti. Nikae hoteli moja au nihame?

Hama. Lipia kila mtaa kwa siku zake: mfano siku tano stesheni, siku nne laini ya 8 kwa vitambaa, mbili Foshan. Mzigo ulionunua usitembee nao. Mwambie muuzaji aupeleke moja kwa moja ghalani kwa wakala wako ukiwa na alama yako. Wewe hama na begi moja na sampuli. Siku ya mwisho rudi Xiaobei au Sanyuanli, upitie ofisi ya wakala uhakikishe idadi ya katoni, kisha uondoke kwenda uwanja wa ndege.